WIMBO WA TAIFA ULIANZWA NA NANI?

Wanafunzi hapa Gulwe wakipanga mstari na kuimba wimbo wa taifa, sote tunasimama wima. Je, ndugu msomaji, unajua kwamba mtu aliyeuanza wimbo huo aliacha ubeti mmoja tu na kiitikio chake?

Mtu huyo ni Enoch Sontonga. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko Johannesburg, Afrika ya Kusini. Alitunga wimbo wake mwaka 1897, kwa lugha ya Kixhosa. Mwaka 1905 akafariki, bado kijana.

Wimbo haukuzikwa naye. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba, zinazoimbwa kwa tuni ile ile. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, nasi tuliichukua tuni hiyo tukaitia maneno ya Kiswahili, "Mungu Ibariki Afrika". Zambia nayo waliichukua, wakaitia maneno yao mapya.

Wengine watasema huo ni wizi. Mimi sikubali. Katika ngoma zetu za Kigogo mmoja huanzisha, wenzake hupokea, na anayepokea vizuri ni yule aliyesikiliza kwanza. Kibaya ni kwamba wengi wetu tunaimba tangu utoto, na jina la Sontonga hatujalisikia.

Redio ikipiga wimbo huo, sikiliza vizuri. Ubeti wa kwanza unaiombea Afrika nzima, kama alivyoanza Sontonga. Wa pili unaiombea Tanzania. Huo tumeongeza sisi.