Daudi alimsamehe Sauli, lakini hakurudi nyumbani kwake



Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa paroko katika parokia moja ya vijijini mkoani Singida, mama mmoja alinijia ofisini baada ya Misa ya Jumapili. Hakuja kuungama. Alikuja kuzungumza, na ameniruhusu nisimulie habari yake mradi nisimtaje jina wala kijiji. Alikuwa na miaka 19 katika ndoa. Alikaa kimya kwa muda, akafungua kanga yake na kuifunga tena, kisha akasema, "Baba, mume wangu hajawahi kunipiga." Alilisema kama mtu anayeomba radhi kwa kunipotezea muda.

Ni kweli, hakuwahi kupigwa. Ila alipopika mlenda ukazidi chumvi, chakula kilimwagiwa kuku mbele ya watoto. Alizeti alilima yeye, lakini gunia likiuzwa fedha zote zilikwenda kwa mume, na jioni aliambiwa kuwa yeye ni mzigo. Simu yake ilikaguliwa kila siku. Dada zake waliacha kuja kumsalimu, kwa sababu kila walipokuja alilipia kwa juma zima la kununiwa. Mume aliweza kumaliza wiki tatu bila kumsemesha, nao wanalala chumba kimoja. Halafu siku moja angerudi na kitenge kipya, anacheka, anaomba msamaha, na nyumba nzima inapumua. Mwezi haukuisha kabla hayajaanza upya.

Nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mama, vumilia. Ndoa ina msalaba wake. Sali rozari, na akikasirika mpishe." Nikambariki, akashukuru, akaondoka.

Sikumwona kwa miezi minane. Aliporudi hakuja mwenyewe. Aliletwa na mwenyekiti wa jumuiya yake ndogo ndogo, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Aliniambia, "Baba, tumemkuta kisimani, amekaa ukingoni tangu alfajiri. Hakuwa na ndoo."

Ndugu msomaji, nilisoma seminari miaka mingi, lakini sentensi ile ilinifundisha jambo ambalo sikuwa nimelielewa. Mimi, mchungaji wake, nilikuwa nimemrudisha mahali palipokuwa panamuua polepole, na nilifanya hivyo kwa jina la Mungu.

Siku zile nilikisoma upya Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Nawe ukipata nafasi leo, soma kuanzia sura ya 16. Tumezoea kusimulia habari za Daudi na Goliathi, tukasahau kwamba jitu halikumsumbua Daudi kwa muda mrefu. Aliyemsumbua miaka ni Sauli, mtu wa nyumbani. Sauli alimpenda. Daudi alimpigia kinubi ili atulie. Kisha wivu ukaingia, na Sauli akamrushia mkuki. Yonathani akafanya usuluhishi, na Sauli akaapa kwa jina la Bwana kwamba Daudi hatauawa. Daudi akarudi, akapiga kinubi kama zamani. Haukupita muda, mkuki ukarushwa tena, ukachoma ukuta.

Mama yule aliposimuliwa habari hii alisema, "Ndivyo ilivyo kwetu." Kwao mkuki ulikuwa maneno, kimya na dharau. Mtu anayeishi hivi hujifunza kusikiliza mlio wa baiskeli uani ili ajue kama leo ni siku ya kinubi au siku ya mkuki. Hupungua siku hadi siku, mpaka anaamini kuwa yeye ndiye mwenye kasoro. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi tulio nje tunaona mtungi mzima, tunausifu.

Sasa tazama jinsi Daudi alivyotoka. Shujaa aliyemwangusha Goliathi hakutoka peke yake. Mikali, mke wake, alimwambia ukweli kwamba asipoondoka usiku ule, kesho atakuwa amekufa, akamteremsha dirishani. Akakimbilia Rama kwa Samweli, akamweleza yote aliyotendewa, na mzee yule akampokea. Yonathani mwanzoni hakuamini kuwa baba yake anaweza kufanya hivyo. Lakini alikubali kuchunguza, na alipojaribu kumtetea rafiki yake alirushiwa mkuki yeye mwenyewe. Kuhani Ahimeleki alimpa mikate. Mfalme wa Moabu aliwahifadhi wazazi wake. Ukihesabu, ni watu watano, na kila mmoja alitoa kitu.

Hapo ndipo penye ujumbe wangu wa leo. Kama unaishi katika hali hii, usijipime kwa swali la kama una nguvu ya kutoka peke yako. Daudi hakuwa nayo. Mtafute mmoja. Chagua mtu asiyepeleka maneno: dada, mwalimu wa mtoto wako, mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja wa WAWATA unayemwamini. Mweleze yote, kama Daudi alivyomweleza Samweli, bila kupunguza ili kumlinda anayekuumiza. Akikujibu kama nilivyojibu mimi, usidhani kuwa Mungu ndiye aliyejibu. Nenda kwa mwingine.

Na kama umeamua kuondoka, usitangaze. Mtu aliyezoea kukutawala anaweza kuwa mkali zaidi anapoona unamponyoka, hata kama hajawahi kukugusa. Weka vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho chako na akiba yoyote kwa mtu wa kuaminika. Jua utalala wapi usiku wa kwanza. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ipo kwa ajili yako, na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi halihitaji uende na jicho lililovimba. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, nao huhudumia bure wasio na uwezo. Mtoto anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo.

Najua swali linalowakaba wengi: "Kanisa litasema nini?" Kanisa limekwisha kusema. Kanuni ya 1153 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inaeleza kwamba mwenzi anayemletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili, au anayefanya maisha ya pamoja yawe magumu kupita kiasi, anampa mwenzake sababu halali ya kuondoka. Aondoke kwa idhini ya Askofu, na kama kuchelewa kuna hatari, hata kwa uamuzi wake mwenyewe. Angalia kwamba hatari ya roho imetajwa pamoja na ya mwili. Naye Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kuwa zipo nyakati ambapo kutengana hakuepukiki, na hata kunakuwa wajibu, ili kumlinda mwenzi aliye dhaifu au watoto.

Kutengana si kuvunja Sakramenti. Kifungo cha ndoa kinabaki, na kama kuna shaka iwapo ndoa ilikuwa halali tangu mwanzo, hilo ni suala la mahakama ya Kanisa. Lakini aliyetengana na mwenzake, akaishi kwa uaminifu, hazuiwi Komunyo Takatifu. Nalisema hili wazi kwa sababu nimewakuta kina mama waliokaa miaka kwenye viti vya nyuma kanisani, wakiamini wamefukuzwa mezani pa Bwana, kumbe waliowafukuza ni majirani.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 107, inapoorodhesha mambo ya kuionyesha mahakama kuwa ndoa imevunjika, inataja ukatili wa mwili au wa akili. Waliotunga maneno hayo zaidi ya miaka 50 iliyopita walijua kwamba mtu anaweza kuumizwa bila kovu. Sheria hiyohiyo inamtaka baba awatunze watoto wake hata wasipoishi naye. Na kwa wewe unayeambiwa kila siku kuwa hukuja na kitu na utaondoka bila kitu: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichoomba, lakini tamko lile limewafungulia njia wanawake wengi baada yake.

Sasa niseme na wewe uliye nje ya mtungi. Mama yule alipokwenda kwao, kaka yake wa kwanza aliuliza, "Na ng'ombe wa mahari?" Hakuuliza kama dada yake anakula. Ndugu zangu wa Singida, tunapenda ng'ombe wetu, lakini hakuna ng'ombe aliyewahi kulipiwa damu ya thamani kama ile iliyomwagika Kalvari kwa ajili ya dada yako. Ukipigiwa hodi, usianze na maswali ya kesi. Anza na mkate wa Ahimeleki: chakula, maji ya kuoga, mahali pa kulala. Usimharakishe aondoke, wala usimwache akirudi mara ya kwanza au ya pili. Daudi naye alirudi kupiga kinubi.

Wapo pia wanaume wanaoishi chini ya mkuki huu, wakitukanwa mbele ya watoto wao, nao huficha zaidi kwa kuogopa kuchekwa. Maneno haya ni yao pia. Wala sisemi kila ugomvi ni sababu ya kuondoka. Ndoa yoyote ina siku za mawingu, na wanaogombana kisha wakasikilizana wanakua. Ninayemsema ni mtu anayeishi kwa hofu, ambaye toba anayoahidiwa hudumu mwezi mmoja.

Linabaki suala la msamaha. Daudi alimsamehe Sauli kweli. Mara mbili, katika pango la Engedi na tena kambini usiku, angeweza kumuua na hakumgusa. Sisi wa Singida, tunaoishi katikati ya mawe makubwa, tunaweza kumwona akiwa amejificha mwambani, adui yake yuko hatua chache tu. Mara ya pili Sauli alikiri kosa, akasema, rudi mwanangu, sitakudhuru tena. Daudi alifanya nini? Aliagiza kijana mmoja aje auchukue mkuki wa mfalme. Kisha, inasema sura ya 26, Daudi akaenda zake, na Sauli akarudi mahali pake. Alimsamehe bila kinyongo, ila hakurudi kukaa mbele ya mkuki ule. Kanisa linatamani wenzi warudiane sababu ya kutengana inapokoma. Lakini kukoma kwake kunathibitishwa na miaka ya matendo. Machozi ya siku moja hayatoshi.

Mama yule alikaa miezi mitatu kwa mwenyekiti wa jumuiya. Baadaye kaka yake wa pili, aliyekuwa amenyamaza katika kikao kile cha ng'ombe, alimpa chumba na eneo la kufugia. Leo anauza kuku wa kienyeji mnadani, na watoto wako shule. Mwaka jana mume wake alikuja na wazee wawili na kitenge. Mama aliwapikia chai, akawasikiliza hadi mwisho, akasema amesamehe tangu zamani. Akawasindikiza hadi barabarani, akarudi ndani kwake.

Aliponisimulia, sikumpa ushauri wowote. Nilimwomba yeye anisamehe kwa ule wa kwanza.

Ndugu msomaji, juma hili yupo mtu atakayekuambia, "Hajawahi kunipiga." Usimjibu haraka. Mpe kiti.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.