Picha ya heroe wakiruka Ziwa Natron: Swali la kwanza ni nani kawarusha

Picha ya maelfu ya heroe, wale ambao wengi huwaita flamingo, wakiruka kwa mpigo juu ya Ziwa Natron husambaa haraka sana mitandaoni. Anga lote huwa la waridi. Lakini mtu anayewajua ndege hawa, kabla ya kusifia picha, huuliza kwanza: nani kawarusha?

Kwa mkazi wa Kewanja, wilayani Tarime, makundi ya ndege wa majini si jambo geni. Mto Mara unapita jirani, na kabla ya kuingia Ziwa Victoria unasambaa kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo na matete, makazi ya yangeyange na ndege wengine wa majini. Kundi la kutisha kwa ukubwa, hata hivyo, liko upande wa pili wa Serengeti, kule mashariki: Ziwa Natron, mkoani Arusha, ambalo bonde lake limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu mwaka 2001.

Kwa nini Natron?

Inakadiriwa kuwa robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa hapo. Kwa Afrika Mashariki, ndilo eneo pekee la uhakika la mazalia yao. Nakuru, Bogoria na Manyara huenda kula tu.

Sababu ni magadi. Maji ya Natron yana kina kifupi, yana joto, na ukali wake unapita pH 10. Fisi au mbweha hawezi kuvuka tope lile hadi kwenye viota. Heroe hujenga vichuguu vya udongo katikati ya ziwa, na kila jozi hutaga yai moja tu.

Ukali huo binadamu naye kauonja. Mwaka 1954, mtaalamu wa ndege Leslie Brown aliyaona mazalia hayo kutoka angani. Baadaye akajaribu kuyafikia kwa miguu. Magadi yaliingia kwenye buti, yakamuunguza miguu vibaya, akaishia hospitali.

Kuruka kuna gharama

Heroe hanyanyuki pale aliposimama kama njiwa. Hukimbia kwanza juu ya maji, akipiga mabawa, ndipo apae. Hiyo ni nguvu nyingi kwa ndege anayeishi kwa kuchuja viumbe vidogo vya kijani majini, chakula hichohicho kinachompa rangi ya waridi. Akirushwa mara tatu asubuhi moja, muda wa kula umepotea na nguvu zimeisha.

Wakati wa kutaga ni hatari zaidi. Wazazi wakishtuka, yai linabaki juani. Wakishtuka sana, wanaweza kuondoka kundi zima wasirudi tena msimu huo. Na yai lilikuwa moja.

Mfano unaojulikana ni wa Marekani. Mei 2021, droni ilianguka kwenye hifadhi ya ardhioevu ya Bolsa Chica, jimboni California. Ndege wa majini wanaofanana na shakwe waliokuwa wakiatamia walikimbia wote. Mayai zaidi ya 1,500 yakatelekezwa mchangani. Droni moja tu.

Kurusha droni Tanzania kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na ndani ya hifadhi mamlaka ya eneo nayo lazima iridhie.

Sasa picha kali inapatikanaje?

Kwa kusubiri. Heroe huruka wenyewe: wanapohama sehemu ya kula, au wanapofuata maji matamu ya chemchemi pembezoni kunywa na kuoga. Mpiga picha aliyetulia hupata picha ileile bila kumrusha hata mmoja.

Muda: Alfajiri na jioni. Mchana joto hupanda kutoka kwenye magadi na hewa hutetemeka. Hata lenzi ya gharama itatoa picha yenye ukungu.

Mwanga: Ukoko wa magadi ni mweupe, hivyo kamera hudanganyika na kutoa picha ya giza. Mwanga uongezwe kidogo. Kwenye simu, gusa kioo kisha sogeza alama ya jua juu.

Kasi: Kugandisha mabawa hewani kunahitaji kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi.

Umbali: Ndege wakiinua vichwa wote na kuanza kutembea upande mmoja, hiyo ni dalili ya hofu. Aliyesogea arudi nyuma. Kama lenzi haifiki, apige kundi zima na Mlima Ol Doinyo Lengai nyuma yake. Mara nyingi hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote.

Viota: Simu nyingi huhifadhi alama ya mahali kwenye picha. Izimwe kabla ya kurusha picha za mazalia mtandaoni, watu wasije wakafuata njia hiyohiyo.

Picha pia huhesabu

Picha ya kundi lililotulia ina kazi nyingine: kuhesabu. Picha hugawanywa viboksi sawa, tuseme 20. Vichache huhesabiwa ndege mmoja mmoja, wastani unapatikana, kisha unazidishwa. Wastani ukiwa 150, kundi lina kama 3,000. Kila Januari nchi nyingi huhesabu ndege wa majini kwa pamoja, na picha safi husaidia pale macho yanaposhindwa. Kundi lililotimuliwa halihesabiki vizuri, maana ndege wanafunikana.

Kanuni hizi hazihitaji safari ya Natron. Kijana wa Kewanja mwenye simu anaweza kuanza na yangeyange wa Mto Mara jioni wanaporudi kulala. Asirushe jiwe, asipige kelele. Akae tu. Jua likikaribia kuzama, kundi litapita lenyewe juu ya kichwa chake.