Je, mji uliokimbiwa na viwanda uwaite wahamiaji?

Mwaka 1950 mji wa Buffalo, kando ya Ziwa Erie katika jimbo la New York, ulikuwa na wakazi 580,132. Ulisaga nafaka, uliyeyusha chuma na kutengeneza vipuri vya magari. Kufikia mwaka 2010 walibaki 261,310. Kiwanda cha chuma cha Bethlehem Steel, katika mji jirani wa Lackawanna, kilizima sehemu kubwa ya shughuli zake mwaka 1983, na vijana wakafuata ajira kwingine. Yaliyoipata Buffalo yameipata pia Detroit, Cleveland, Dayton, Utica na miji mingine mingi ya kaskazini mwa Marekani. Ndiyo maana viongozi wa miji hiyo wanajiuliza: je, tuwaite wahamiaji waje kuziba pengo?

Swali hili huwasha hasira kabla ya kuleta hoja. Wanaopinga huuliza wageni watafanya kazi gani ilhali wenyeji wenyewe hawana kazi. Wanaounga mkono huzungumza kana kwamba kila mgeni anashuka kwenye basi akiwa na mtaji mfukoni. Mimi nasema ndiyo, waitwe, lakini kwa masharti. Ili masharti hayo yaeleweke, tuanze na ugonjwa wenyewe wa mji unaopungukiwa watu.

Kiwanda kinaweza kufungwa kwa siku moja, lakini nyumba, barabara na mabomba hubaki kwa miaka mingi. Mwaka 2005 wachumi Edward Glaeser na Joseph Gyourko walieleza jambo hili vizuri: mji unaokua hujenga nyumba upesi, ila mji unaodidimia hauwezi kuziondoa upesi. Nyumba huzidi watu, na bei hushuka hata chini ya gharama ya kujenga nyumba mpya. Bomba kuu la maji lililotandazwa kwa ajili ya watu zaidi ya nusu milioni halipunguzi gharama za matengenezo kwa sababu wateja wamepungua. Waliobaki hulipa zaidi kwa huduma inayozidi kuwa duni, wenye uwezo wanaondoka, na mzigo unawaelemea wachache zaidi.

Chukua nyumba moja ya mbao iliyoachwa wazi. Baridi inapoingia hakuna wa kuwasha kipasha joto. Maji yaliyosalia kwenye mabomba yanaganda, mabomba yanapasuka, na barafu inapoyeyuka sakafu inalowa na kuanza kuoza. Wezi wanakuja kung'oa nyaya na mabomba ya shaba. Baada ya muda paa linavuja. Jirani akitaka kuuza nyumba yake, mnunuzi anaona gofu lile na kughairi. Mwishowe halmashauri inalibomoa kwa fedha za walipakodi, na kiwanja kinabaki majani matupu yasiyoingiza kodi ya majengo ya maana. Sasa zidisha nyumba hiyo kwa maelfu.

Hapo ndipo thamani ya mhamiaji inapoonekana. Katika jiji lililofurika watu kama London, mgeni anagombea chumba na mwenyeji. Buffalo vyumba vilikuwapo, wa kulala ndio walikosekana. Familia za Wabangladeshi zilizoshindwa kumudu kodi za nyumba katika Jiji la New York zilianza kuhamia upande wa mashariki wa Buffalo. Baadhi zilinunua, kwenye minada ya halmashauri, nyumba zilizotwaliwa kwa sababu ya malimbikizo ya kodi, kisha zikazikarabati. Makanisa ya Kikatoliki yaliyofungwa kwa kukosa waumini yakawa misikiti. Upande wa magharibi wakapokelewa wakimbizi kutoka Burma, Somalia, Irak na Kongo, na miongoni mwa Wakongo hao wamo wengi wanaozungumza Kiswahili. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 278,349: kwa mara ya kwanza tangu 1950, mji uliongezeka. Sifa hiyo si ya wageni peke yao, ila bila wao ni vigumu kuieleza.

Vipi kuhusu kazi? Hofu ya kwamba mgeni akipata kazi basi mwenyeji ameikosa inatokana na dhana kuwa idadi ya kazi katika mji haibadiliki. Sivyo. Mgeni naye anakula, anapanga nyumba, ananyoa nywele na kununua gari kuukuu, na matumizi yake ni kipato cha mwingine. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 waliingia Marekani kwa boti, karibu nusu yao wakabaki Miami. Mchumi David Card alipochunguza soko la ajira la mji huo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, hakuona athari ya maana kwa mishahara ya wenyeji. Mwenzake George Borjas alimpinga baadaye, akidai kuwa wanaume ambao hawakumaliza sekondari waliumia. Mjadala huo haujaisha, na hoja ya Borjas isipuuzwe, kwa maana watu wa kundi hilo ni wengi katika miji tunayoizungumzia.

Utica, pia katika jimbo la New York, inaonyesha pande zote mbili. Ulikuwa na watu zaidi ya 100,000 mwaka 1960, ukashuka hadi 60,651 mwaka 2000. Ulipokea Wabosnia waliokimbia vita, kisha Wakaren wa Burma, kisha Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao bado wanazungumza Kizigua kilichotoka na mababu zao upande wa Tanga katika karne ya 19. Mwaka 2020 ulikuwa na wakazi 65,283. Katika eneo hilo la jimbo, Hamdi Ulukaya, mzaliwa wa Uturuki, alinunua mwaka 2005 kiwanda cha maziwa kilichokuwa kimefungwa huko New Berlin, akaanzisha kampuni ya mtindi ya Chobani. Alipohitaji wafanyakazi aliwafuata wakimbizi wa Utica, akawawekea usafiri na wakalimani. Hata hivyo Utica haijawa tajiri. Wageni waliusimamisha mji usiendelee kuporomoka. Hawakurudisha viwanda vilivyoondoka.

Sasa nije kwenye masharti. La kwanza, mji usitegemee viza, kwa maana hauna mamlaka ya kuzitoa. Mwaka 2014 gavana wa Michigan, Rick Snyder, aliiomba serikali kuu itenge viza 50,000 kwa miaka mitano kwa wataalamu ambao wangekubali kuishi Detroit. Ombi halikufanikiwa. Ukiacha wakimbizi wanaopokelewa moja kwa moja, kwa kawaida wanaohamia miji hii tayari wako ndani ya nchi, na wanachotafuta ni nyumba nafuu, shule, usalama na ndugu waliotangulia. Wasomali walioanza kuingia Lewiston, mji uliowahi kuwa wa viwanda vya nguo katika jimbo la Maine, mwaka 2001 hawakualikwa na mtu. Mwaka 2002 meya aliandika barua ya wazi akiwataka wapunguze kasi ya kuja. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilipokuja kufanya mkutano, watu zaidi ya 4,000 walijitokeza kwenye mkutano wa kuupinga. Wasomali walibaki, wakafungua maduka katika Mtaa wa Lisbon, ambao maduka yake mengi yalikuwa yamefungwa.

La pili ni gharama. Mwaka 2016 Taasisi ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani ilionyesha kwamba kizazi cha kwanza cha wahamiaji huwa mzigo kwa bajeti za majimbo na halmashauri, hasa kwa sababu ya elimu ya watoto wao. Watoto hao wakikua, huwa miongoni mwa walipakodi wanaochangia zaidi. Hivyo mji hulipa leo, na sehemu kubwa ya faida huingia kesho kwenye hazina ya taifa. Springfield, Ohio, mji wenye watu 58,662 mwaka 2020, ulishuhudia hilo Wahaiti walipoingia kwa maelfu ndani ya miaka michache kufanya kazi viwandani na kwenye maghala. Waajiri walifurahi, lakini zahanati zilifurika, kodi za nyumba zikapanda na shule zikakosa wakalimani. Chuki ilipata mwanya. Septemba 2024 uvumi kwamba Wahaiti wanakula paka na mbwa wa majirani ulirudiwa hadi kwenye mdahalo wa wagombea urais, ingawa viongozi wa mji walisema hakukuwa na ushahidi wowote. Vitisho vya mabomu vikafuata na shule zikafungwa kwa muda.

La tatu ni ruhusa ya kufanya kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria ya Marekani humweka mwomba hifadhi angalau miezi sita tangu awasilishe ombi lake kabla hajapata kibali cha kazi. Katika muda huo anaishi kwa misaada, na mwenyeji anayemtazama humwona mvivu. Vivyo hivyo muuguzi aliyesomea Bukavu, Kongo, huishia kusafisha sakafu kwa kuwa vyeti vyake havitambuliwi.

La nne, na kwangu ndilo zito kuliko yote: wenyeji wasiachwe nyuma. Upande wa mashariki wa Buffalo na sehemu kubwa ya Detroit wanaishi Wamarekani weusi waliovumilia miaka yote ya mporomoko. Mikopo ya kukarabati nyumba, mitaji ya maduka na mafunzo ya ufundi viwe wazi kwao kwa masharti yale yale. Ukaguzi wa nyumba za kupanga nao uwalinde wote, kwa kuwa nyumba nyingi za zamani zina rangi yenye madini ya risasi, na sumu hiyo huwadhuru watoto wa mkimbizi sawasawa na wa mwenyeji.

Kwa hiyo miji hii iwakaribishe wahamiaji, na fedha za mabango ya kuwaalika ziende kwa walimu wa Kiingereza wanaofundisha jioni baada ya zamu za kiwandani, kwa wakalimani wa hospitali na kwa wakaguzi wa nyumba. Serikali kuu, inayovuna sehemu kubwa ya faida, ibebe sehemu kubwa ya gharama. Bila hayo, mji utakuwa unawaita watu waje kugawana umaskini wake.