Tumbo la Asubuhi: Kumsaidia Mtoto Anapoanza Gredi ya Kwanza

Leo tunazungumza na wazazi na walezi wa watoto wanaoanza gredi ya kwanza. Nyanya na babu mnaolea wajukuu, msiondoke. Mazungumzo haya ni yenu pia.

Shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari, kuna lalamiko linalosikika katika nyumba nyingi. Mtoto ameamka vizuri, amenawa uso, lakini akiiona sare anashika tumbo. "Mama, tumbo linaniuma." Ukimwacha nyumbani, kufikia saa nne tumbo limepona na yuko nje anacheza. Wengi wetu hapo husema mtoto ni mwongo, na wengine huchukua fimbo. Ngoja kwanza, mzazi mwenzangu. Mara nyingi mtoto huyo hadanganyi.

Ubongo na matumbo vimeunganishwa na mishipa ya fahamu. Mtu akiogopa, matumbo hukaza na kusokota. Hata wewe mtu mzima, siku ya kwenda kortini au kufanya mtihani, si unatafuta choo kila mara? Mtoto wa miaka 6 hana maneno ya kusema, "Nina wasiwasi." Anachojua ni kwamba tumbo linauma, na maumivu hayo ni ya kweli.

Basi anaogopa nini? Jiweke mahali pake. Katika chekechea alizoea mwalimu wake na wenzake wa rika lake. Sasa yuko katika uwanja uliojaa wanafunzi wakubwa. Tangu mwaka wa 2023, wanafunzi wa sekondari msingi, kuanzia gredi ya saba, husomea katika shule za msingi. Kwa hiyo mtoto wako huenda akapanga foleni ya choo na kijana wa miaka 14.

Na hapo kwenye choo ndipo mambo mengi huharibika. Choo cha shimo chenye giza humtisha mtoto mdogo, kwa maana anaona atatumbukia. Pengine mlango haufungi. Pengine wakubwa wanamsukuma. Pengine nyumbani mnazungumza Kikamba au Kigiriama, naye hajui amwombe mwalimu ruhusa kwa maneno gani. Basi anajizuia kutwa nzima. Anakataa hata kunywa maji ili asihisi mkojo. Baada ya siku chache choo kinakuwa kigumu, akienda kinamuuma, na kwa sababu kinamuuma anazidi kujizuia. Mwishowe choo chepesi huvuja pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo bila yeye kujua. Wenzake wanamcheka, na kesho yake hataki kusikia habari ya shule. Tena kuzuia mkojo kwa muda mrefu kunaweza kuleta maambukizi ya njia ya mkojo.

Sasa tufanye nini? Kwanza, mpeleke mtoto akaione shule kabla ya siku ya kufungua, au hata sasa ikiwa ameshaanza. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Mwonyeshe darasa, mahali pa kunywa maji, mahali pa kunawa mikono, na choo. Ingia naye chooni, umwonyeshe pa kuweka miguu. Mfundishe maneno ya kuomba ruhusa kwa lugha inayotumika darasani, ayarudie mpaka yatoke bila hofu. Mvalishe kaptura au sketi yenye lastiki kiunoni. Mshipi na vifungo vigumu humchelewesha mtoto aliyebanwa.

Pili, panga asubuhi yake tangu jioni. Mtoto wa umri huu anahitaji kulala kati ya saa 9 na 12 kila usiku. Akilala saa mbili usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, amepata saa 10. Mpe kiamsha kinywa, hata kama ni uji na kiazi kitamu. Kisha mpe dakika 5 hadi 10 aketi chooni bila kuharakishwa, kwa maana matumbo huamka baada ya chakula. Mfungie chupa ya maji. Papai, machungwa, maharagwe na sukuma wiki husaidia kulainisha choo.

Tatu, jifunze kuagana. Usimtoroke mtoto akigeuza kichwa. Ukimtoroka leo, kesho atakushika nguo asikuachilie. Mwambie kwaheri, mwambie ni nani atakayemchukua na lini, kwa maneno anayoyaelewa: "Mkimaliza masomo, dada atakungoja langoni." Kisha nenda, hata akilia. Watoto wengi hunyamaza muda mfupi baada ya mzazi kuondoka. Na ahadi ya kumchukua itimizwe kwa wakati.

Nne, usimtishe kwa shule. Maneno kama "Ngoja ufike, mwalimu atakunyoosha" humfanya mwalimu kuwa zimwi. Na ikiwa ni kweli mtoto anachapwa, jua kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Nenda ukazungumze na mwalimu mkuu kwa heshima, lakini nenda.

Tano, tumbo likiuma asubuhi na umemtazama ukaona hana homa, hatapiki wala haharishi, mpe pole, kisha mpeleke shuleni. Kila siku anayobaki nyumbani kwa sababu ya hofu, kurudi kunakuwa kugumu zaidi. Jioni usimuulize tu, "Umesoma nini?" Muulize alicheza na nani, alikula na nani, na kama alienda choo. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuonyesha panapouma.

Lakini, mpenzi msikilizaji, si kila tumbo ni la wasiwasi. Mpeleke mtoto katika zahanati au kituo cha afya ikiwa maumivu yanamwamsha usiku, yanakuja hata Jumamosi na wakati wa likizo, au yamekaa upande wa chini kulia na yanazidi. Mpeleke pia akiwa na homa, akitapika, akipata choo chenye damu, akikonda, au akihisi mkojo unamchoma. Na mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akianza tena, huku anakunywa maji mengi, anakojoa mara kwa mara na kukonda, apimwe kisukari siku hiyo hiyo. Watoto nao hupata kisukari.

Uliza pia kuhusu dawa ya minyoo, na umwombe mhudumu amwangalie macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao, au ambaye sikio lake linatoa usaha, huitwa mzembe darasani na kosa si lake.

Watoto wengi huzoea shule katika wiki chache. Ikiwa mwezi umepita na machozi hayajapungua, keti na mwalimu wa darasa mtafute chanzo pamoja. Yeye anamwona mtoto akiwa na wenzake, wewe unamwona akiwa nyumbani, na kila mmoja ana nusu ya habari.

Kesho asubuhi, mtoto akishika tumbo, iache fimbo ilipo. Chuchumaa, umtazame machoni, umuulize: "Huko shuleni, ni mahali gani hupapendi?" Kisha nyamaza umsikilize.