Mama Aliyeushinda Msitu wa Tennessee

Mbio tuzijuazo sisi ni za uwanjani: mstari wa chokaa, filimbi ya mwalimu, na watoto wakishangilia pembeni. Lakini ziko mbio nyingine zisizo na uwanja wala chokaa. Hukimbiwa katika njia za msituni, kando ya vijito, mkimbiaji akiruka mizizi na mawe yenye utelezi, mara apanda kilima, mara ashuka bondeni. Huko Marekani wako watu wengi wazipendao, na majimbo yao yana misitu iliyohifadhiwa ambamo kila mtu aruhusiwa kutembea na kukimbia. Leo nitawasimulia habari za msitu mmoja wa namna hiyo, na za mama mmoja wa watoto wawili.

Msitu huo waitwa Frozen Head, yaani Kichwa Kilichoganda, kwa sababu kilele chake, chenye kimo cha futi 3,324, huonekana cheupe kwa barafu wakati wa baridi. Uko katika jimbo la Tennessee, karibu na mji mdogo wa Wartburg. Hapo zamani ardhi ile ilikuwa mali ya gereza. Gereza la Brushy Mountain lilifunguliwa mwaka 1896, na wafungwa wakatumwa kuchimba makaa ya mawe milimani. Miti mikubwa ikakatwa mbao, kisha mahali pakaachwa, miti ikaota tena. Mwaka 1933 serikali ya jimbo ikapafanya msitu wa hifadhi. Miaka ile kazi zilikuwa haba kabisa Marekani, basi vijana wakakusanywa kambini, wakapewa majembe na sururu, wakachonga njia ambazo nyingine zatumika hata leo. Familia ziendazo huko kwa matembezi hufuata kijito kiitwacho Panther Branch mpaka kwenye maporomoko ya maji, wakitazama maua ya porini, wala hawatozwi kiingilio.

Sasa sikilizeni jambo lililoanzisha mbio zenyewe. Katika gereza lile alifungwa James Earl Ray, mtu aliyehukumiwa kwa kumwua Mchungaji Martin Luther King mjini Memphis mwaka 1968. Tarehe 10 Juni 1977 Ray na wenzake sita wakapanda ukuta kwa ngazi, wakatoroka. Ray akaingia msituni. Alitangatanga zaidi ya saa 54, askari na mbwa wakimtafuta, na alipokamatwa amejificha chini ya majani makavu alikuwa amefika kama maili 8 tu kutoka gerezani. Magenge, miiba na giza vilimzuia kuliko ukuta wa gereza.

Bwana mmoja mpenda mbio, jina lake Gary Cantrell, aliposikia habari hiyo alicheka. Akasema kwamba yeye kwa muda ule angekwenda maili 100. Basi mwaka 1986 yeye na rafiki yake Karl Henn wakaanzisha mashindano katika msitu ule, wakayaita Barkley, kwa jina la rafiki wa Cantrell.

Taratibu za mashindano hayo ni za ajabu. Wakimbiaji ni kama 40 tu kila mwaka. Mtu akikubaliwa hapelekewi barua ya pongezi, ila ya rambirambi! Ada ya kuomba ni dola moja na senti 60, na mgeni huleta pamoja naye kibao cha namba za gari cha kwao. Hakuna ajuaye saa ya kuanza. Watu hulala katika mahema, mwenye mbio hupuliza kombe kubwa la baharini, nao hujua kwamba imebaki saa moja. Kisha husimama penye geti la manjano, naye huwasha sigara; hiyo ndiyo ishara ya kuanza. (Sigara hiyo siisifu, lakini ndivyo wafanyavyo.)

Hupaswa kuzunguka msitu mara 5 kwa muda usiozidi saa 60, usiku na mchana. Mwenye mbio husema kila mzunguko ni maili 20, lakini wakimbiaji wenyewe husema zapita 25. Ukijumlisha kupanda kote, hupata kama futi 60,000, yaani zaidi ya mara tatu kimo cha Kilimanjaro kutoka baharini. Sehemu nyingi hazina njia kabisa. Mtu hubeba dira na ramani aliyoinakili kwa mkono wake, hana kifaa cha kumwonyesha njia. Mahali pengine njia hupita chini ya gereza lenyewe, ndani ya mfereji wa giza ambamo maji ya kijito hupita.

Je, wanajuaje kwamba mtu hakukata kona? Vitabu hufichwa msituni, chini ya mawe na ndani ya mashina ya miti. Kila mkimbiaji huchana ukurasa wenye namba ile aliyovaa, kisha arudipo getini kurasa huhesabiwa. Pakikosekana ukurasa mmoja, mzunguko wote ni bure. Mimi niliyefundishwa ualimu naumia moyo kusikia vitabu vyachanwa, lakini nakiri kwamba ni hesabu isiyodanganyika. Na mtu akishindwa, hupigiwa tarumbeta ya maziko.

Zawadi je? Hakuna. Wakorinto wale walioandikiwa na Mtume Paulo waliyajua sana mashindano, kwa kuwa michezo mikubwa ilifanywa karibu na mji wao, na mshindi alivikwa taji la majani. Hawa wa Tennessee hawapati hata jani.

Mtu wa kwanza kumaliza mizunguko yote 5 alikuwa Mwingereza, Mark Williams, mwaka 1995. Miaka mingi baadaye ilipita bila hata mmoja kumaliza. Mwaka 2017 Gary Robbins wa Kanada alifika getini akiwa na kurasa zake zote, lakini alikuwa amepotea katika ukungu kwenye mzunguko wa mwisho, akavuka mto, akatokea upande usio wake, tena amechelewa kwa sekunde 6. Hakuhesabiwa. Mwenyewe alieleza wazi kwamba alikosa njia, hata kama angewahi zile sekunde asingestahili. Kwangu mimi huyo naye ni mtu wa kukumbukwa.

Wanawake walijaribu, hakuna aliyemaliza, na Cantrell mwenyewe alikuwa akisema hadharani kwamba hakuna mwanamke awezaye. Ndipo akaja Bibi Jasmin Paris. Huyu ni daktari wa wanyama, tena mwalimu katika chuo kikuu cha Edinburgh huko Scotland. Mwaka 2019 alishiriki mbio za maili 268 nchini Uingereza wakati wa baridi kali, ingali binti yake mdogo ananyonya. Vituoni, wengine wakilala, yeye alijikamua maziwa kwanza. Akawashinda wote, wanaume kwa wanawake, kwa saa 83 na dakika 12. Mazoezi yake alikuwa akiyafanya alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala. Akina mama watusomao watalielewa jambo hili kuliko mimi: aliamka mapema ili kazi za mchana zisipungukiwe.

Mwaka 2022 alikwenda Tennessee akamaliza mizunguko 3. Mwaka 2023 akarudi, akauanza wa 4, muda ukamshinda. Machi 2024 akarudi mara ya tatu. Ijumaa tarehe 22 wanaume 4 walikwisha maliza, na watu wakasimama getini wakitazama saa. Zilibaki dakika chache, kisha dakika mbili. Ndipo akaonekana akipanda barabara, amechanika miguu kwa miiba, akikimbia kwa nguvu za mwisho. Akaligusa geti, akaanguka chini pale pale. Muda wake ulikuwa saa 59, dakika 58 na sekunde 21. Zilikuwa zimebaki sekunde 99.

Kurasa zake zikahesabiwa, zote zilikuwapo. Tangu 1995 hata siku ile waliomaliza walikuwa watu 20, naye peke yake ndiye mwanamke. Mwaka uliofuata, 2025, wakimbiaji waliingia tena msituni, na hakuna hata mmoja aliyemaliza mizunguko 5.