Baba Krismasi, tumehama

Pita kinu cha unga, lipite na kanisa, halafu nyumba ya pili yenye kisima mbele. Mlango wa jikoni hautafungwa.

Ndivyo mtoto wa kike wa miaka tisa alivyomwelekeza Baba Krismasi mwezi Desemba 1919, katika gazeti la wiki la mji mdogo magharibi mwa jimbo la Kentucky, Marekani. Hofu yake ilikuwa na msingi. Krismasi zilizopita walikuwa wakiishi kwingine, na huyu mzee asipoambiwa mapema ataelekea nyumba ya zamani na kuwaachia watu baki machungwa yao. Kwa hiyo anaeleza kila kitu: kwamba sasa wanakaa kwa bibi mzaa mama, ambaye anamtaja kwa jina la ukoo, kwamba nyumba hiyo haina bomba la moshi la kupitika, ina jiko la chuma tu, na kwamba viatu alivyoletewa mwaka mmoja vilikuwa vikubwa, lakini asijali, sasa vimemkaa. Ndipo anapoomba doli anayefumba macho.

Mimi nilikuwa natafuta bei ya tumbaku ya mwaka huo. Tumbaku niliiacha palepale.

Magazeti ya miji midogo ya Marekani yalizoea kujaza kurasa za Desemba kwa barua za namna hii, zikiwa zimebanana na matangazo ya wenye maduka waliokuwa wakiuza vitu vilevile vilivyoombwa. (Biashara haikuanza jana.) Aliyenifundisha kuzisoma ni mkutubi mstaafu wa hukohuko Kentucky, mama ambaye kwa muda mrefu amewasaidia watu kutafuta nasaba zao. Ameomba jina lake lisitajwe, wala la familia ile, kwa sababu wajukuu wapo na wanasoma magazeti.

Kwake yeye, karani wa sensa ni mgeni anayebisha hodi mara moja kila baada ya miaka kumi, akauliza maswali yake, akaenda zake. Tena makaratasi yake si ya kuaminiwa kudumu: sensa ya mwaka 1890 karibu yote ilipotea kufuatia moto uliozuka Washington mwaka 1921, na watafiti wa nasaba wanaililia mpaka leo. Mtoto, anasema, huandika kila Desemba. Na kuhusu mahali anapolala hadanganyi hata kidogo, maana akidanganya anakosa zawadi. Anaulizia hali ya mama, anamwombea bibi shali, anamkumbusha mzee asimsahau mwalimu. Mkutubi huyu huanzia mwisho wa barua, kwenye hao wa kutosahauliwa. Anadai hapo ndipo mtoto wa miaka saba anapoandika daftari la kaya bila kujua.

Ana pia ujanja wake. Magazeti mengi ya zamani yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, ikiwemo kwenye hazina ya bure ya Maktaba ya Bunge la Marekani, lakini kompyuta husoma vibaya wino uliofifia, na majina ya watu ndiyo huharibika zaidi. Basi yeye hatafuti ukoo. Anatafuta fataki. Kusini mwa Marekani wakati ule Krismasi ilikuwa sikukuu ya baruti, watoto wakiomba fataki pamoja na machungwa, njugu na zabibu kavu, na neno hilo likionekana kwenye gazeti la Desemba basi ujue umefika kwenye barua. Kutoka hapo anashuka na kidole, jina baada ya jina.

Hivyo ndivyo alivyoipata familia hii. Barua ya kwanza ya binti yule ni ya mwaka 1917: doli kwa ajili yake, bunduki ya upepo kwa kaka yake, na kayamba kwa mtoto wao mchanga, ambaye anamtaja kwa jina. Mwaka 1918 hakuna barua. Mkutubi anadhani sababu ni homa ya mafua iliyofunga shule nyingi, kwa kuwa mara nyingi walimu ndio waliowaandikisha watoto darasani. Kentucky ilianza kusajili vifo jimbo zima mwaka 1911, na cheti cha baba yao kipo: Oktoba 1918, mafua. Hapo ndipo kuhama kunapoeleweka, na mlango wa jikoni kwa bibi.

Lakini katika barua ya 1919, ile yenye kinu na kisima, mtoto mchanga hayumo.

Sensa iliyofuata ilihesabu watu kwa tarehe 1 Januari 1920, wiki chache tu baada ya barua kuchapwa. Karani aliwaandika bibi, mama mjane, binti na kaka. Basi. Cheti cha kifo cha mtoto hakipo, ingawa vifo vya vijijini havikuripotiwa vyote. Na hapa mkutubi hukasirika kana kwamba jambo lilitokea jana: sensa za 1900 na 1910 ziliwauliza akina mama wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Ile ya 1920 iliacha kuuliza.

Nilimuuliza kuhusu watoto weusi wa mji huohuo. Hakukwepa. Shule zilitenganishwa kwa sheria, gazeti lilikuwa la wazungu, na katika kurasa zote alizopitia hajaona barua hata moja anayoweza kusema ni ya mtoto mweusi. Wao nao bila shaka walitaka machungwa. Watu weusi wanaomwendea kutafuta wazee wao, huwaambia mapema kwamba njia hii haitawafikisha mbali, na sioni kama amewahi kuzoea kulisema hilo.

Kuhusu yule mchanga, mabishano yanaendelea. Mkutubi amemwingiza kwenye mti wa ukoo, akiwa na alama ya kuuliza. Mjukuu wa yule kaka hakubali. Anasema babu yake aliishi mpaka uzeeni na hakuwahi kutaja mdogo wake yeyote, na kwamba barua moja ya mtoto wa miaka saba si ushahidi. Huenda alikuwa mtoto wa shangazi aliyekuja kukaa nao. Mkutubi anajibu kwamba wazee wengi hawakutaja. Mjukuu anajibu kwamba hilo nalo si ushahidi. Kwa sasa mama huyu ameagiza filamu za gazeti la wilaya jirani, la Desemba 1919, kuona kama kuna mtoto wa huko aliyemwombea mgeni mdogo kayamba.