Gome la Dawa na Hesabu ya Msitu

Mwanamume aliyevuka umri wa miaka 60, anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, huenda akapewa na jirani unga mwekundu wa gome la mti, au akanunua vidonge vilivyotengenezwa kwa gome hilo hilo. Mti wenyewe ni Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri. Huota katika misitu ya milimani ya Afrika, kuanzia Kameruni hadi Kenya na Tanzania, na kuendelea kusini mpaka Afrika Kusini na Madagaska. Waganga wa jadi wameutumia kwa vizazi vingi. Tangu dawa ya gome lake kwa ajili ya kukua kwa tezi dume ilipopewa hataza nchini Ufaransa mwaka 1966, shehena za magome zimekuwa zikisafirishwa kwenda Ulaya.

Vyaelea vimeundwa, walisema wahenga. Nyuma ya kila kidonge upo mti, na nyuma ya mti lipo swali ambalo hujibiwa kwa takwimu: je, ukataji umeacha miti mingapi, nayo imesalia wapi?

Hofu ya mti kutoweka ilisababisha biashara yake ya kimataifa kuwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES tangu mwaka 1995. Katika Mlima Kameruni, utaratibu mzuri wa uvunaji ulitaka gome libanduliwe pande mbili zinazokabiliana tu, ili mti upate kupona. Soko lilipopamba moto, wavunaji wengine waliibandua miti kuzunguka shina lote, na wengine waliiangusha kabisa ili wafikie gome la juu. Mti uliobanduliwa kuzunguka shina hukosa njia ya kupitishia chakula kwenda mizizini, na mara nyingi hufa.

Kuhesabu bila kuhesabu yote

Hakuna awezaye kuhesabu kila mti katika mlima unaozidi mita 4,000 kwa urefu. Watafiti hugawa msitu katika viwanja vidogo, huchagua baadhi yake kwa bahati nasibu, kisha hukadiria idadi ya msitu mzima. Tatizo ni kwamba Prunus africana huota kwa makundi. Viwanja vingi huwa havina hata mti mmoja, na vichache huwa na miti mingi. Wastani unaotokana na data za namna hiyo huyumba: kiwanja kimoja chenye bahati hutosha kupandisha makadirio yote.

Ndiyo maana mbinu ya sampuli inayojirekebisha ilitumika katika Mlima Kameruni. Kiwanja kilichochaguliwa kikionekana kuwa na mti, viwanja jirani navyo hukaguliwa, na kazi huendelea hadi pale miti inapokoma. Mhudumu wa afya ataitambua mantiki hii mara moja, kwa kuwa ndiyo inayotumika kuwafuatilia watu waliokaribiana na mgonjwa wa kifua kikuu. Lakini ipo tahadhari. Anayewatafuta wagonjwa mahali wanapojulikana kuwepo atawapata wengi, na akichukua wastani wa kawaida atadhani mji mzima ni mgonjwa. Kwa hiyo kila kundi la miti hupewa uzito kulingana na uwezekano wake wa kuingia katika sampuli.

Ulinganisho unaopotosha

Kupima athari za ukataji ni kazi ngumu zaidi. Njia inayoonekana rahisi ni kulinganisha msitu uliokatwa na ule usiokatwa. Lakini wakataji hawachagui mahali kwa bahati nasibu. Hupenda sehemu za chini, zenye mteremko mdogo na zilizo karibu na barabara. Mwinuko nao huathiri mahali mti unapoota. Kosa hapa ni lile la mtu anayelinganisha vifo vya hospitali ya rufaa na vya zahanati, akahitimisha kwamba hospitali ya rufaa huua wagonjwa, na kumbe hupokea walio mahututi.

Mfano wa kubuni waonyesha hatari hiyo. Chukulia viwanja 100 katika msitu uliokatwa: 80 viko chini na 20 viko juu. Katika msitu usiokatwa, 20 viko chini na 80 viko juu. Chukulia pia kwamba ukataji haukudhuru kitu: popote pale mti hupatikana katika asilimia 10 ya viwanja vya chini na asilimia 50 ya viwanja vya juu. Msitu uliokatwa utaonyesha viwanja 18 vyenye mti, na usiokatwa utaonyesha 42. Tofauti ni kubwa, na yote imeletwa na mwinuko. Kinyume chake pia huwezekana: wakataji wakifuata mahali penye miti mingi, madhara halisi yatafichika, kwa sababu hata baada ya kukatwa mahali hapo hapatakuwa na upungufu ukilinganisha na kwingine.

Tiba ya kosa hilo ni kulinganisha viwanja vinavyofanana kwa mwinuko, mteremko, udongo na umbali kutoka barabarani, au kutumia regresheni inayozingatia mambo hayo kwa pamoja. Vilevile, viwanja 50 vilivyo ndani ya eneo moja lililokatwa si ushahidi wa mara 50. Kumpima mgonjwa mmoja shinikizo la damu mara 50 hakumfanyi awe wagonjwa 50.

Umri wa miti

Miche ya Prunus africana hupenda mwanga. Mti mkubwa unapoanguka, pengo hufunguka na miche huweza kuchipuka kwa wingi. Anayehesabu mashina bila kujali ukubwa huenda akatangaza kwamba ukataji umeongeza miti, ilhali mama zao wenye kuzaa mbegu wamekwisha. Ndiyo sababu hesabu hupangwa kwa unene wa shina, kama vile idadi ya watu inavyopangwa kwa umri. Msitu wenye miche tu ni kijiji cha watoto wasio na wazazi.

Hesabu hizi zina matokeo. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji wa gome kutoka Kameruni, kwa kukosekana uthibitisho kwamba uvunaji haukuhatarisha mti. Biashara ilirejea baadaye, baada ya hesabu mpya za miti na mipango ya uvunaji yenye viwango maalumu.

Kwa mgonjwa na mhudumu

Takwimu zilizotumika msituni ndizo zilizotumika kupima dawa yenyewe. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2002 yalikusanya majaribio 18 yaliyohusisha wanaume 1,562, na yalionyesha nafuu ya wastani katika dalili za mkojo. Majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi, kwa hiyo matumaini yaende na kiasi.

Mwanamume anayepata shida ya kukojoa apimwe kwanza, kwa kuwa saratani ya tezi dume huweza kuleta dalili zilezile. Anayetumia gome amweleze mhudumu wake, naye mhudumu aulize bila dharau. Mti ukizidi kuadimika, kishawishi cha kuuza gome jingine kwa jina lake huongezeka, na unga wa gome hautambuliki kwa macho. Naye mganga anayechuma mwenyewe aache pande mbili za shina zikiwa nzima. Mgonjwa wa mwaka kesho atauhitaji mti huo huo.